Mfalme Aandikapo Habari Zake: Kukiri na Kutubu katika Vitabu vya Wafalme wa Moghul

Kila mwanafunzi wa Agano la Kale hufika siku moja mahali ambapo hana budi kuviweka vitabu viwili kando kwa kando. Katika Samweli wa Pili, sura ya 11, Daudi anabaki Yerusalemu wakati wa vita, anamwona mke wa Uria Mhiti, na yaliyofuata twayajua. Katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 20, Daudi anabaki Yerusalemu vilevile, jeshi ni lile lile chini ya Yoabu, na mji wa Raba unaanguka vilevile; lakini Bathsheba hayupo, Uria hayupo, na Nathani hana sababu ya kuja na mfano wake wa mwana-kondoo. Wafafanuzi wametoa sababu nyingi za ukimya huo, wala hatukusudii kuzirudia hapa. Twataka kuwachukua wasomaji wetu mbali kidogo, hadi India ya karne ya 16 na ya 17, ambako ukoo mmoja wa kifalme ulituachia aina zote mbili za uandishi katika vizazi vichache tu. Babur alijiandika mwenyewe. Akbar, mjukuu wake, aliandikwa na mtumishi wake. Jahangir, mwana wa Akbar, akarudia desturi ya babu wa baba yake, akashika kalamu kwa mkono wake.

Hoja tutakayoitetea ni hii. Kitabu kinachokiri makosa chastahili kuaminiwa kuliko kile kinachoyafunika, lakini si kwa kadiri tunayodhani. Maana yupo akiriye kwa kuwa moyo umemchoma, na yupo akiriye kwa kuwa hakuna wa kumwuliza. Nasi tunaoandika maisha ya wachungaji wa kwanza na vitabu vya jubilei za sharika zetu tuna haja ya kuitambua tofauti hiyo, hata kama mifano yake yatoka kwa watu waliokuwa Waislamu, wafalme, na mara nyingi wauaji.

Tuseme neno moja juu ya vitabu vyenyewe. Babur aliandika kwa Kituruki cha Chagatai, lugha ya nyumbani kwao. Wengine waliandika Kiajemi, lugha ya baraza. Kwa wasiojua lugha hizo, mlango ni tafsiri za Kiingereza. Annette Beveridge alikitafsiri kitabu cha Babur, na kabla yake, mwaka 1902, kile cha Gulbadan, binti Babur. Mumewe Henry alitafsiri kitabu cha Akbar, kisha akasimamia ile ya Jahangir iliyofanywa na Alexander Rogers. Karibu maktaba yote ya ukoo huu ilipita juu ya meza ya nyumba moja. Siku za karibu zaidi Wheeler Thackston ametoa tafsiri mpya ya Babur (1996) na ya Jahangir (1999), ambazo mwanafunzi atazisoma kwa wepesi zaidi.

Zahir-ud-din Muhammad Babur alizaliwa mwaka 1483 huko Andijan, katika bonde la Ferghana, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uzbekistan. Mwaka 1494 baba yake alikuwa katika banda lake la njiwa ukingoni mwa korongo; ukingo ukaporomoka, naye akafa, na mtoto wa miaka 11 akawa mfalme. Hapo ndipo kitabu kinapoanza. Msomaji aliyezoea sifa za wafalme hushangaa mara moja, kwa maana mwana huyu anamweleza baba yake kuwa mtu mfupi, mnene, aliyevaa kanzu za kubana kiasi kwamba alilazimika kuvuta tumbo ndani ili kufunga kamba zake, na akiliachia zilikatika. Maneno hayo hayana dharau. Babur alimpenda baba yake, naye alitaka aonekane.

Hali kadhalika anajiweka mwenyewe mbele yetu. Aliutwaa mji wa Samarkand mwaka 1497, akaukalia siku mia moja, akaupoteza. Akautwaa tena, akaupoteza tena, safari hii kwa Shaibani Khan mkuu wa Wauzbeki. Anasimulia njaa, viatu vibovu, rafiki waliomkimbia, na machozi yake. Anasimulia jinsi alivyokuwa na haya mbele ya mke wake wa kwanza hata mama yake akawa akimsukuma kwenda kumtazama. Baadaye, akiwa bwana wa Kabul tangu mwaka 1504 na bwana wa Delhi na Agra baada ya vita vya Panipat mwezi Aprili 1526, haachi kuandika hivyo hivyo. Mwaka 1529 dhoruba iliangusha hema lake akiwa anaandika. Karatasi zikalowa, akazikusanya, zikakaushwa kando ya moto. Aliyajali maandishi yake namna hiyo. Na katika barua moja kwa mwanawe Humayun anamkaripia kwa kuandika kwa maneno ya fumbo. Amwambia aandike kwa maneno ya kawaida, yasiyo na madoido, apunguze taabu yake na taabu ya asomaye. Tungependa wanafunzi wa somo la mahubiri waisome barua hiyo.

Sehemu iliyo karibu zaidi na shauri letu ni ile ya mwezi Februari 1527. Babur alikuwa akimkabili Rana Sanga, mfalme wa Warajput, na jeshi lake lilikuwa limeingiwa na hofu. Akaapa kuacha divai. Vikombe vya dhahabu na fedha vikavunjwa, vipande vikagawiwa maskini. Divai iliyokuwa imeletwa kutoka Ghazni ikatiwa chumvi iwe siki. Watu wapatao 300 wakaapa pamoja naye. Mwezi uliofuata, huko Khanwa, akashinda.

Mhubiri wa haraka angeishia hapo. Wala kitabu chenyewe kinakaribia kuishia hapo, kwa sababu Babur ameweka ndani yake tangazo rasmi la toba ile, lililotungwa na katibu wake Shaikh Zain kwa lugha nzito iliyojaa mapambo. Mara ghafla mfalme aliyemkaripia mwanawe kwa madoido anatuvika madoido ya mwingine. Twaisoma toba hiyo rasmi bila kuguswa. Lakini miaka miwili baadaye, katika barua kwa rafiki yake wa zamani Khwaja Kalan aliyekuwa Kabul, Babur anasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba hamu ya divai imemsumbua kiasi cha kumkaribisha machozini mara nyingi. Katika barua hiyo hiyo anaeleza jinsi alivyoletewa tikiti moja, na alipolikata akashikwa na huzuni ya ugeni, akalia. Hapo ndipo tunapoiamini toba yake, mahali ambapo imekuwa ngumu. Tangazo la Shaikh Zain lilikuwa la jeshi. Barua ni ya mtu ambaye kiapo chake kinamwuma, na bado anakishika.

Hata hivyo tusimfanye Babur kuwa Augustino. Kitabu kinachoona haya juu ya divai hakioni haya hata kidogo juu ya Bajaur, ambako mwaka 1519 watu zaidi ya 3,000 waliuawa na mnara ukajengwa kwa vichwa vyao. Baada ya Khanwa akajenga mnara mwingine. Anayaandika hayo kwa utulivu ule ule anaoandikia miti ya matunda na ndege wa India. Dhamiri yake ilikuwa na milango, na mlango wa vita haukufunguliwa. Hilo halitushangazi sana. Twazijua dhamiri nyingi za Kikristo za karne ile ile ambazo zilifungwa mahali pale pale. Msomaji wa kumbukumbu za mtu yeyote hana budi kuuliza mambo mawili: huyu anaona haya kwa lipi, na ni lipi analolitaja bila haya? Mara nyingi la pili hufundisha zaidi.

Humayun tunampita haraka, kama historia yenyewe ilivyompita: alirithi mwaka 1530, akafukuzwa mwaka 1540, akarudi mwaka 1555, na mwezi Januari uliofuata akaanguka ngazini mwa maktaba yake, akafa. Hakuandika kitabu. Habari zake twazipata kwa dada yake Gulbadan na kwa Jauhar, mtumishi aliyembebea birika la maji ya kunawa.

Akbar, mwanawe, alitawala tangu mwaka 1556 hadi 1605. Anasimuliwa kuwa hakujifunza kusoma, ingawa alisomewa vitabu kila siku na kuvihifadhi. Basi hakuweza kujiandika, akaagiza aandikwe. Wazee waliokumbuka siku za Babur na Humayun walitakiwa waandike wanayoyajua, na ndivyo Gulbadan na Jauhar walivyopata kushika kalamu. Maandiko yao yalikuwa mawe ya kujengea. Mjenzi alikuwa Abu'l-Fazl, mwanachuoni aliyeingia barazani mwaka 1574 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Kazi yake, Akbarnama, ni mojawapo ya kazi kubwa za Kiajemi zilizoandikwa India, na sehemu yake ya mwisho, Ain-i-Akbari, inaorodhesha utawala wote: mishahara ya maofisa, kodi za mikoa, bei za vyakula, chakula cha tembo. Mwanahistoria wa uchumi hawezi kuikosa.

Lakini Akbar mwenyewe ndani ya kitabu hicho ni nani? Abu'l-Fazl anaanza kwa Adamu. Anafika kwa Alanqoa, mama wa kale wa Wamongolia, ambaye katika simulizi lao alichukua mimba kwa mwali wa nuru ulioingia hemani mwake. Na Abu'l-Fazl, akijua kwamba msomaji atatia shaka, anamkumbusha habari za Mariamu. Nuru ile, asema, ilipita kutoka kizazi hadi kizazi ikiwa imefichwa, mpaka ikafunuliwa katika Akbar. Msomaji wa kitheolojia hawezi kupita hapo bila kusimama. Tunachokiona ni fundisho kamili la mteule wa Mungu, limejengwa kwa ustadi, likiazima tumaini la dini kadhaa ili kumsimamisha mtu aliye hai mbele ya watumishi wake.

Matokeo yake katika uandishi ni makubwa. Tungetazamia kwamba mwandishi wa namna hii angeficha maovu. Hafichi. Mwezi Februari 1568 ngome ya Chitor ilianguka, na watu wapatao 30,000 wakauawa. Idadi hiyo inatolewa na Abu'l-Fazl mwenyewe. Kinachofichwa ni hukumu. Mtu akiisha kuwa nuru, maiti zilizo miguuni pake huwa sehemu ya hekima yake, na swali haliulizwi. Baadhi yetu tumewahi kusoma maisha ya viongozi wa dini yaliyoandikwa hivyo: migogoro imetajwa, waliofukuzwa wametajwa, tena kwa majina na tarehe, lakini kila sentensi inamalizika kwa busara ya yule aliyefukuza. Mwandishi wa namna hiyo ni vigumu kumshika kwa uongo, kwa kuwa hakusema uongo.

Tusimwonee Akbar. Alifuta kodi ya mahujaji wa Kihindu mwaka 1563 na jizya mwaka 1564, mambo ambayo wafalme wachache wa Ulaya wa siku zake wangethubutu kuyafanya kwa raia wa dini nyingine. Mwaka 1575 alijenga huko Fatehpur Sikri nyumba ya ibada ambamo wanachuoni wa Kiislamu walihojiana mbele yake, baadaye na Wahindu, Wajaini, Waparsi, na tangu mwaka 1580 mapadre watatu wa Shirika la Yesu kutoka Goa: Rodolfo Acquaviva, Antonio Monserrate na Francisco Henriques. Walimletea Biblia ya lugha nyingi iliyochapwa Antwerp, naye akaibusu na kuiweka kichwani. Monserrate aliyaandika hayo. Mapadre walidhani mavuno yameiva. Kumbe walikuwa wageni wa mtu anayependa kusikia. Acquaviva aliondoka mwaka 1583 bila kumbatiza mfalme, na mwaka huo huo akauawa karibu na Goa.

Kando ya Abu'l-Fazl alikuwako mtu mwingine, naye aliingia barazani mwaka ule ule wa 1574, tena alikuwa amesoma kwa baba yake Abu'l-Fazl. Huyu ni Badauni. Kazi yake ya mchana ilikuwa kutafsiri vitabu vya Kihindu kwa amri ya mfalme, kazi aliyoichukia. Kazi yake ya siri ilikuwa kuandika historia ambamo Akbar ameiacha dini na Abu'l-Fazl ndiye mshawishi. Kitabu hicho kilifichwa hadi baada ya kifo cha Akbar. Kuna kishawishi cha kusema kwamba hapa ndipo ukweli ulipo, kwa kuwa hapa hakuna malipo wala woga. Twaonya dhidi ya kishawishi hicho. Badauni ana wivu, naye anausema karibu wazi. Mwenzake alipanda cheo, yeye akabaki mfasiri. Lililofichwa chini ya godoro laweza kuwa la chuki kama vile lililosomwa barazani laweza kuwa la sifa. Hata hivyo, tukimsoma Abu'l-Fazl bila Badauni, tunamsoma Mambo ya Nyakati bila Samweli.

Sasa twafika kwa Jahangir, na hapa twaomba subira ya wasomaji, maana ndiye anayetusumbua. Alizaliwa mwaka 1569 akaitwa Salim. Akamwasi baba yake mwaka 1600, akajikalisha Allahabad kama mfalme. Akarithi mwaka 1605. Kitabu chake kinaanza na amri 12 za utawala wake mpya, na mnyororo wa dhahabu wenye kengele uliotundikwa ngomeni Agra ili aliyedhulumiwa auvute. Mojawapo ya amri hizo yakataza kutengeneza na kuuza vileo. Papo hapo, bila hata kubadili aya, mfalme anasema kwamba yeye mwenyewe amekunywa tangu umri wa miaka 18. Mahali pengine anatoa hesabu kamili: ilifika vikombe 20 kwa siku vya pombe kali iliyopikwa kwa mvuke mara mbili, 14 mchana na vingine usiku; mikono ikatetemeka hata wengine wakamshikia kikombe; tabibu Hakim Humam akamwambia kwamba akiendelea miezi sita zaidi hakutakuwa na dawa. Akapunguza kidogo kidogo kwa miaka saba. Ndugu zake wawili, Murad na Daniyal, walikuwa wamekufa kwa ulevi huo huo.

Hakuna mfalme wa Ulaya wa zamani zile tunayemjua kusema hivyo juu ya nafsi yake. Wasomaji wengi humpenda Jahangir kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya macho yake. Alilea korongo wawili akawaita Laila na Majnun, akaandika jinsi walivyoatamia mayai kwa zamu. Aliagiza michoro ya wanyama na ndege wageni. Mwaka 1618 aliletewa mtumishi wake Inayat Khan, aliyeharibiwa na kasumba na pombe, mifupa iliyovikwa ngozi. Mfalme akastaajabu, akawaita wachoraji wamchore. Yule mtu akafa siku ya pili yake. Mchoro upo hata leo, na ni mojawapo ya picha za kutisha na za kweli zilizowahi kuchorwa India. Tunapoutazama hatujui la kumwambia Jahangir. Aliona kila kitu.

Na aliandika kila kitu, au karibu. Mwaka 1602 Abu'l-Fazl, yule mwandishi wa nuru, alikuwa akirudi Agra kutoka kusini kwa wito wa Akbar. Njiani akashambuliwa na Bir Singh, mtemi wa Wabundela, akauawa, na kichwa chake kikapelekwa Allahabad kwa Salim. Twajuaje nani aliagiza? Jahangir anatuambia. Katika kueleza kwa nini amempandisha cheo Bir Singh, anasema kwamba Abu'l-Fazl alikuwa adui yake barazani, kwamba angezidi kumchonganisha na baba yake, kwamba yeye mwenyewe alipeleka ujumbe kwa Bir Singh akimwahidi fadhila, na kwamba jambo hilo lilimhuzunisha sana marehemu mfalme lakini likamfungulia yeye njia ya kurudi kwa baba yake bila hofu. Basi. Aya inayofuata ni ya mambo mengine.

Haya tumeyasoma mara nyingi, na kila mara tunatafuta neno moja la majuto. Halimo. Vivyo hivyo mwaka 1606, mwanawe Khusrau alipomwasi kama yeye alivyomwasi babaye, Jahangir anasimulia jinsi wafuasi wa kijana huyo walivyochomekwa juu ya miti iliyochongwa, imepangwa mistari miwili kwenye njia ya kuingia Lahore. Mwaka huo huo aliagiza kuuawa kwa Guru Arjan wa Masingasinga, na hilo pia analiandika kama amri ya kawaida. Tena siku moja akiwa mawindoni, mtunza farasi na wachukuzi wawili walitokea ghafla, mnyama akakimbia. Mtunza farasi akauawa papo hapo, wachukuzi wakakatwa mishipa ya miguu. Anaandika hayo pia.

Hapa ndipo tunapoachana na wanaosema kwamba uwazi ndio nusu ya toba. Katika liturujia yetu kukiri kunafanyika mbele ya Mmoja anayeweza kuhukumu na kusamehe. Ndiyo maana magoti hupigwa. Jahangir anakiri akiwa ameketi. Haogopi kwamba atahukumiwa, na kwa hiyo hana cha kuficha. Kitabu chake ni ushahidi bora kwa mwanahistoria, tena bora kuliko Abu'l-Fazl, kwa sababu ile ile inayokifanya kuwa kitabu cha huzuni kwa mchungaji. Daudi naye angeweza kuandika habari za Uria kwa namna hiyo, kama jambo la vita lililokwisha, laiti Nathani asingalifika.

Je, Jahangir hakuwa na Nathani yeyote? Lipo jambo moja. Alikuwa ameweka nadhiri kwamba akifika umri wa miaka 50 ataacha kuwinda kwa bunduki; na mjukuu wake Shuja alipougua hata kukatiwa tamaa, akaahidi kwamba mtoto akipona hatadhuru kiumbe hai kwa mkono wake. Mtoto akapona. Twaiona hapo nyufa ndogo, mahali ambapo mtu huyu amejua kwamba yuko Mwenye uzima kumzidi. Lakini nadhiri ilihusu wanyama. Mtunza farasi hakutajwa tena.

Mfano mmoja zaidi wahusu bara letu. Adui aliyemshinda Jahangir maisha yake yote alikuwa Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akiwa kijana, akafika India, akawa mtawala halisi wa Ahmadnagar kule Dekani hadi kifo chake mwaka 1626. Jahangir hawezi kumtaja bila tusi juu ya uso wake mweusi au nyota yake mbaya. Alimwagiza mchoraji Abu'l-Hasan amchore yeye, Jahangir, akisimama juu ya dunia na kukipiga mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa mkukini. Hakuwahi kukipata kichwa hicho. Katika kitabu chenye ukweli mwingi wa aibu, hapa mfalme hakuweza kusema ukweli, maana hapa alikuwa ameshindwa kwelikweli. Aliyeusema ni Mu'tamad Khan, yule yule ambaye Jahangir, afya yake ilipodhoofika mwaka 1622, alimkabidhi kuendeleza kumbukumbu zake. Katika historia aliyoiandika kwa jina lake mwenyewe, karani huyo anakiri kwamba katika vita na uongozi Ambar hakuwa na wa kulinganishwa naye, wala hajasikika mtumwa mwingine wa Kihabeshi aliyefikia daraja hiyo. Mwandishi wa kulipwa alikuwa mwadilifu kuliko mfalme mkweli. Twalitaja kwa sababu linaharibu kidogo mpango wa makala hii, na ni haki liharibu.

Waliofuata tutawagusa tu. Mwaka 1618 Jahangir aliagiza nakala za kitabu chake, ya kwanza akampa mwanawe Khurram, aliyekwisha kumwita Shah Jahan. Kijana alipoasi, baba akaamuru katika kitabu hicho hicho aitwe asiye na bahati. Shah Jahan akarithi mwaka 1628 baada ya ndugu na wapwa zake kuuawa, na hakuandika. Waandishi wake walimwandikia kitabu chenye michoro inayong'aa, kila mtu amesimama mahali pake, hakuna uso unaosema neno. Aurangzeb mwanawe akamfunga ngomeni Agra hadi alipofariki mwaka 1666, akamwua Dara Shikoh, kaka yake, na baada ya miaka kumi ya utawala akakomesha historia rasmi. Watu wamelieleza hilo kwa uchaji au kwa ubahili. Huenda pia mtu huyo, aliyekuwa na dhamiri kali katika mambo mengi, hakutaka kusoma yale ambayo angelazimika kuyaagiza yaandikwe.

Turudi kwa Babur, maana hatujamaliza naye. Mwaka 1501, alipoutoka mji wa Samarkand usiku mbele ya Shaibani Khan, dada yake mkubwa Khanzada Begum alibaki. Babur anasema kwa maneno machache kwamba wakati wa kutoka alianguka mikononi mwa adui. Katika kitabu kinachosimulia hata kamba za kanzu ya baba yake, sentensi hiyo ni fupi mno. Miaka themanini na zaidi baadaye Gulbadan, akiandika kwa agizo la Akbar, alisimulia kama alivyosikia kwa wanawake wa nyumba ile: Shaibani alitaka Khanzada aolewe naye ndipo kuwe na amani, na mwishowe ikabidi, Babur alimtoa dada yake, ndipo akapata njia ya kutoka.

Hatumwiti mwongo. Lakini mtu aliyeweza kukiri divai, woga, na haya ya kitandani hakuweza kukiri hilo. Na pengine ndilo pekee ambalo moyo wake ulilihukumu kwa kweli. Wala hakuweza kunyamaza kabisa. Shaibani aliuawa na Shah Ismail wa Iran mwaka 1510, na Khanzada akarudishwa. Babur anasimulia walivyokutana Kunduz baada ya miaka kumi hivi: yeye aliingia na mwenzake mmoja tu, wakaketi mbele yake, naye akasema maneno, dada yake na wanawake waliokuwa pamoja naye hawakumtambua. Ilichukua kitambo. Baadaye wakamtambua.